Mzee Kaondoka na Ramani Kichwani

Bomba kubwa la maji lilipasuka mtaani kwetu siku ya Ijumaa. Hadi Jumapili mchana, vijana wa idara ya maji walikuwa wameshachimba mashimo manne na vali ya kufungia hawajaiona. Mwishowe mmoja akakumbuka kumpigia simu fundi aliyestaafu miaka mitatu nyuma. Mzee akaja na bodaboda, kandambili miguuni. Akasimama kwenye shina la mwembe, akahesabu hatua saba kuelekea barabarani, akapiga kisigino chini: "Hapa." Wakachimba, na vali ikawa hapo hapo.

Kina mama waliokuwa na ndoo wakapiga vigelegele, nami nikapiga makofi. Njiani kurudi nyumbani ndipo nilipoanza kujiuliza. Mtu amefanya kazi miaka zaidi ya 30, na zile hatua saba hazikuandikwa popote. Tumpe pongezi, au tumdai?

Swali hili huwa halisikiki kwenye hafla za kuagana. Pale kuna keki, bati bandali mbili, godoro, na risala inayosema mwenzetu ametumikia "kwa uadilifu kwa miaka 35". Miaka yenyewe imeshageuka sifa, na hakuna anayeuliza ilijaa nini.

Wapo wanaosema wakongwe tunawaachia mapema mno. Kwa mtumishi wa umma wa Tanzania, kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni 60. Maprofesa na madaktari bingwa wamesogezewa hadi 65, kwa sababu iliyo wazi: daktari bingwa haoteshwi kwa msimu mmoja. Wenye hoja hii huuliza kwa nini fundi mitambo au mpima ardhi ahesabiwe tofauti. Na ukitaka mfano wa juu kabisa, watakutajia Cleopa Msuya, aliyefariki Mei 2025 akiwa na miaka 94. Alianza kama ofisa maendeleo ya jamii miaka ya 1950, akapanda hadi katibu mkuu, akawa waziri wa fedha zaidi ya mara moja na waziri mkuu mara mbili. Bajeti ya 1984, iliyoanza kulegeza kamba za uagizaji bidhaa baada ya miaka ya foleni za sukari na sabuni, ilikuwa mikononi mwake. Makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 pia yalimkuta Hazina. Mtu mgeni angehitaji mwaka mzima kujua tu faili lipi liko wapi.

Lakini mfano huohuo unakata kuwili. Aliyekuwa waziri mkuu kati ya 1980 na 1983, foleni zikiwa ndefu kuliko wakati wowote, ni yeye huyohuyo. Mtu anaweza kusema, bila kumvunjia heshima marehemu, kwamba nchi ilizungusha majina yale yale kutoka wizara hadi wizara, na mawazo mapya yakasubiri hadi wenye viti wabadili yao. Mimi hapa simalizi ubishi. Kubadili msimamo ukiwa ofisini ni jambo gumu, na waliolifanya ni wachache.

Upande wa pili, unaotaka wakongwe wapishe, una neno lake, nalo ni zuri: kung'atuka, yaani kuachia kiti kwa hiari. Tumelipata kutoka Kizanaki kupitia kwa Mwalimu Nyerere, aliyeachia urais mwaka 1985. Watu husahau kidogo kwamba uenyekiti wa chama alibaki nao hadi 1990, yaani hata bingwa wa kung'atuka aling'atuka kwa awamu. Wenye hoja hii wanapenda pia kumtaja Salim Ahmed Salim, na wana haki. Mwaka 1964, akiwa na miaka 22, alipelekwa Misri kuwa balozi. Leo kijana wa umri huo akiomba kazi ya ukarani anaulizwa uzoefu wa miaka mitano. Baadaye akakaa Umoja wa Mataifa, New York, tangu 1970 hadi 1980, akawa waziri wa mambo ya nje, waziri mkuu mwaka 1984 baada ya kifo cha Edward Sokoine aliyekishika cheo hicho, kisha katibu mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) kuanzia 1989 hadi 2001. Ni utumishi mrefu kweli, ila kila kiti alikikalia kwa muda akakiacha kwa mwingine. Ni tofauti na yule anayekaa meza moja miaka 30 hadi funguo za kabati zinakuwa zake.

Haki itendeke hapa pia: mwaka 1964 viti vilikuwa vitupu. Wakoloni walikuwa wameondoka na wasomi walikuwa wa kuhesabu. Kijana wa leo anakuta kiti kina mtu, na huyo mtu ana sababu za kutoinuka ambazo si uroho tu. Waliokuwa kwenye mifuko ya pensheni ya PSPF na LAPF walizoea kwamba nusu ya mafao hutoka kwa mkupuo. Julai 2022 kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, kikaushusha mkupuo huo hadi asilimia 33, na 2024 serikali ikaupandisha hadi 40 baada ya kelele nyingi. Mwalimu aliyepanga kumalizia nyumba kwa mkupuo ule akipiga hesabu na kuona bati hazitoshi, usimtegemee aandike barua ya kustaafu kwa hiari akiwa na 55.

Kuna kundi la tatu ambalo halimo kwenye hesabu hizi hata kidogo. Balozi wa nyumba kumi, cheo kilichoanza enzi za chama cha TANU miaka ya 1960, hana mshahara, hana kikokotoo, wala hana siku ya kustaafu. Baada ya vyama vingi kurejea mwaka 1992 amebaki kuwa kiongozi wa shina la chama, lakini ugomvi wa ndoa na mpaka wa shamba bado vinabishiwa hodi kwake. Balozi wetu alihudumu hadi alipofariki. Alikuwa na kaunta buku la kurasa nyingi, limefungwa kwa mpira wa baiskeli: nani kauziana kiwanja na nani, mwaka gani, mpaka ni mnazi au jiwe, mashahidi wakina nani. Darasa lake halikuvuka la saba. Majirani wawili walipogombana juu ya uchochoro, lile daftari ndilo lililoletwa baraza la kata, na ubishi ukaishia ukurasa mmoja.

Kwa hiyo sioni kwamba tatizo ni miaka 55, 60 au 65. Ongeza mitano kwa fundi wetu wa maji, na unachopata ni kuchelewesha mashimo manne kwa miaka mitano. Mtoe mapema, mashimo yanakuja mapema. Ujuzi uliokaa kichwani peke yake humfanya mtu asiachiwe, na wapo wanaolijua hilo vizuri na kulitumia. Fundi wetu simhesabu miongoni mwao. Alikuja Jumapili bila kulipwa hata nauli. Ila hakuna aliyewahi kumpa kijana wa kutembea naye, wala karatasi ya kuchora.

Nimewahi kushuhudia makabidhiano ya ofisi moja ya serikali. Fomu ilikuwa nadhifu: meza 1, viti 3, kompyuta 1, muhuri 1, funguo 6, kila mstari na sahihi mbili. Mstari wa mwisho ulikuwa na kichwa "Mengineyo". Mstaafu, mwenye miaka 31 kazini, aliandika: "Hakuna." Wakasaini wote, wakaenda kukata keki.