Hukumu ya barabarani
Bodaboda anachomekea kushoto kwenye foleni ya Mwenge, usukani unakwaruza mlango wa gari, kioo cha pembeni kinaning'inia. Dereva anashuka na spana ya magurudumu. Dakika mbili, hukumu tayari: mwenye gari ana hela, alipe! Nani ameona? Hakuna.

Simu kumi zinarekodi matusi. Hakuna hata moja inayopiga picha matairi yalipoishia, alama za breki au namba za usajili. Halafu gari linasogezwa kupisha foleni; trafiki akifika na futi yake anapima nini? Majeruhi naye anataka PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, si kelele. Na bima ndogo, ile inayolipa hasara ya wengine tu, haitengenezi mlango wako, ndugu wa spana. Kwenye klipu unaonekana wewe tu, kwaruzo halimo.