Iyunga isigeuzwe safu ya maduka

Kila panapozungumzwa kubadili matumizi ya ardhi hapa Mbeya, maneno mawili huja yameshikana: biashara na viwanda. Eneo fulani lilikuwa la makazi au mashamba, sasa litakuwa "la biashara na viwanda", na sote tunafurahi kwa sababu tunasikia ajira. Mimi naomba hayo mawili yatenganishwe, tena kwenye ramani, mapema, tukianza na Iyunga, upande wa magharibi wa jiji. Yakiachwa kwenye kitalu kimoja, duka litashinda kila mara.

Tazama hesabu ya mwenye kiwanja. Akijenga fremu, yaani vyumba vya maduka, kando ya barabara kuu anapokea kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima mkononi. Mwenye karakana akija kuomba nafasi hiyohiyo anahitaji uwanja wa lori kugeuka, umeme wa njia tatu, maji, mtaro, na mahali pa kuweka pumba au vumbi la mbao, halafu faida yake inachukua miaka. Kwa kila mita ya mraba, wa fremu anaweza kulipa zaidi. Simlaumu mwenye kiwanja, naye ana watoto wa kusomesha. Lakini hapo ndipo halmashauri inapotakiwa kusimama, kwa sababu soko la ardhi haliwezi kumwekea fundi nafasi.

Na ardhi yenyewe hatuna nyingi. Jiji limebanwa kati ya safu ya milima ya Mbeya na vilima vya Uporoto, na barabara ya TANZAM, ile kuu iendayo Zambia, inapita katikati: Uyole, Sae, Mafiati, Nzovwe, Iyunga, mpaka Mbalizi. Upande wa magharibi ndiko iliko stesheni ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Ardhi tambarare yenye lami na reli kwa pamoja ipo sehemu chache sana, na Iyunga ni mojawapo. Ndiyo maana viwanda vya bia na soda vilijengwa huko. Fremu ya nguo inaweza kukaa Kabwe, Mwanjelwa, Soweto, popote penye watu wanaopita. Kiwanda cha kusindika parachichi hakiwezi.

Tumeshaona jinsi mambo yanavyogeuka tusipokuwa na mpango. Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006. Wafanyabiashara walihitaji mahali pa kuuzia, na wengi wakaishia eneo la SIDO, jina ambalo ni la shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Palikuwa pa kujishikiza, pakawa soko, vibanda vikabanana, na moto ukawafuata huko: mwaka 2011, tena mwaka 2017. Wale watu hawakuwa na kosa. Waliungua mara ya kwanza, wakaungua tena, na soko jipya la Mwanjelwa lilichukua miaka kukamilika. Ninachosema ni kwamba biashara ikikosa nafasi iliyopangwa inaingia penye nafasi yoyote, na ikishaingia haitoki.

Wakati huohuo viwanda vyetu halisi vimejificha majumbani. Mpunga wa Usangu na Kyela unakobolewa kwenye mashine zilizozungukwa na vyumba vya kupanga. Jirani na ninapoishi ipo moja. Msimu wa mavuno inanguruma hadi usiku, vumbi la pumba linatua kwenye nguo zilizoanikwa, na lori likisimama kushusha magunia bajaji hazipiti. Majirani wanamlalamikia mwenye mashine, na wana haki. Ila nimeongea naye: alitafuta kiwanja cha kiwanda kidogo, akakuta vinavyouzwa vyote vina bei ya duka. Ajira za mashine hiyo nazijua kwa sura, wabebaji, wapepetaji, mama wanaopika chai asubuhi. Mkimfungia bila kumpa pa kwenda, mnafunga na hao.

Hali ni hiyohiyo kwa mafundi wa vyuma, maseremala wanaopokea mbao kutoka Mufindi, wakamuaji wa alizeti, gereji za malori ya Zambia na Kongo. Hawa ndio viwanda vya Mbeya. Hawahitaji hekta mia. Wanahitaji robo ekari au chini yake, mahali ambapo daladala inafika, umeme na mtaro vikiwa vimetangulia kabla kiwanja hakijauzwa. Na sharti liandikwe wazi kwenye hati kwamba hapa hakuna fremu za mbele. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 imeipa halmashauri mamlaka ya kupanga, na hati ya ardhi hutolewa kwa masharti, matumizi yakiwa mojawapo. Kwa hiyo nguvu ipo. Inapotea pale maombi ya kubadili matumizi yanapopitishwa kiwanja kimoja kimoja, leo hiki, kesho kile, na wananchi wa mtaa wanajua siku wanapoona matofali yanashushwa.

Kuna wanaosema suluhisho ni kusukuma viwanda vyote Uyole na kuendelea mbele. Hapo nasita. Udongo wa kule ndio unaotulisha viazi, mahindi na maharage, na kituo cha utafiti wa kilimo hakikuwekwa Uyole kwa bahati. Mito yetu nayo inahitaji ile mipaka ya mita 60 ya kutojenga kando yake, iliyowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Panapolazimika kuchukua shamba, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inadai fidia kamili, ya haki na ya haraka. Bado naona dhuluma pale mkulima anapolipwa kwa thamani ya shamba, kisha ardhi ileile ikapimwa na kuuzwa kwa bei ya biashara. Apewe pia kiwanja ndani ya mradi. Naye anufaike na kile kilichomwondoa.

Uwanja wa ndege wa zamani, ambao ndege ziliuacha ule wa Songwe ulipofunguliwa mwaka 2012, nisingeweka viwanda. Uko katikati ya nyumba za watu.

Najua maduka yanaleta ushuru kwa haraka, na halmashauri inahitaji fedha mwaka huu, si miaka kumi ijayo. Lakini duka linalouza bidhaa zilizotoka Dar es Salaam linazungusha fedha iliyokwishapatikana hapahapa. Mchele uliokobolewa na kufungashwa hapa unaleta fedha mpya kutoka nje ya mkoa.

Haraka yangu ina sababu. Barabara ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, inaongeza thamani ya kila kiwanja kinachoigusa, na mwaka 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua TAZARA. Madalali wameshaanza kuzunguka. Mchoro wa matumizi ya ardhi ya Iyunga uletwe kwenye mikutano ya mitaa sasa, vitalu vya viwanda vikiwa na rangi yake, vya biashara na yake, kabla bei haijafika mahali ambapo diwani yeyote ataogopa kumwambia mwenye kiwanja hapana.