Siku niliyokwenda kazini na chapati

Nyumbani kwetu cheti cha kuzaliwa hakimtoshi mtoto kuanza shule. Lazima kwanza apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, aguse sikio la kushoto. Walimu wa siku hizi hawana habari na kipimo hicho, lakini baba yangu alipimwa hivyo, mimi nikapimwa hivyo, na kitindamimba wangu nikampima hivyo. Mwaka juzi vidole viliishia kwenye nywele. Mwaka jana vikakaribia sikio lakini havikufika, nikafurahi kimyakimya. Desemba akaja mwenyewe, sijamwita, akapitisha mkono, akalikamata sikio akalivuta kabisa.

"Baba, naenda shule."

Namwita Mama, maana amerithi jina la mama yangu. Ana miaka mitano, na kwa maneno hajapishana sana na marehemu.

Ada ya shule za serikali iliondolewa, lakini orodha ya vifaa ipo palepale: madaftari, penseli, ufagio wa chelewa, na vizibo mia moja vya kuhesabia. Vizibo nikatumwa mimi. Usiombe mzee wa kamati ya msikiti akukute umeinama nje ya baa saa kumi na mbili asubuhi, unaokota vizibo vya bia. Mimi alinikuta. Nikamwambia ni vya mtoto. Akasema "Astaghfirullah" na kuongeza mwendo.

Likabaki begi. Kariakoo ile Januari mabegi ya watoto yalining'inia kila kona, ya maua, ya vikatuni, ya kumeremeta. Mama akayapita yote. "Nataka kama la Baba." La Baba ni begi jeusi la mgongoni ninalobebea vifaa vyangu, mimi fundi umeme na usafiri wangu ni pikipiki. Kwa kuwa langu lilishakufa zipu, nikachukua mawili, muuzaji akanipunguzia. Mke wangu alipoyaona akasema, "Mtayachanganya haya." Nikamjibu sisi si watoto.

Siku ya kwanza nilimpeleka mimi. Mke wangu alikuwa amelia usiku uliopita wakati anapiga pasi ile sketi, ambayo tulishonesha ya kukulia mpaka inagusa soksi, nikaona nyumba moja haifai kuwa na waliaji wawili. Nikapakia begi moja mbele kwenye tangi, jingine mgongoni, Mama kati yangu na usukani, tukatoka Gongo la Mboto taratibu kama tumebeba mayai.

Getini nilijiandaa kwa kilio. Nilikuwa na pipi mfukoni na maneno ya kumbembeleza. Mtoto akapokea begi, akanipa mkono kama mtu tuliyemaliza naye biashara, akaondoka. Hakugeuka. Nilimwona anapepesuka, begi limemlemea upande, nikasema moyoni: maskini, hivi vitoto tunavibebesha mizigo ya wapagazi. Macho yalijaa vumbi. Barabara ile ina vumbi sana.

Saa tatu nilikuwa Kinyerezi kwa mama mmoja, mteja mpya. Majirani wana umeme, yeye hana, na friji lake limejaa samaki. Nikapanda kwenye stuli, nikafungua meni swichi, nikakunja uso kama daktari anayesoma majibu. Begi nimelining'iniza begani.

"Mama, nimulikie hapo. Kaa mbali kidogo, umeme si kitu cha mchezo."

Nikaingiza mkono kutafuta tesita. Nikatoa chapati.

Ilikuwa imefungwa vizuri kwenye karatasi ya jikoni, bado ina joto. Mwenye nyumba akaitazama, akanitazama. Nikairudisha, nikachovya tena kwa haraka, nikaibuka na chupi ndogo ya rangi ya waridi. (Mke wangu aliweka ya akiba, siku ya kwanza huwezi jua.) Nilipojaribu kuisukumiza ndani begi likanitoka, vizibo mia moja vikamwagika kwenye marumaru, nyumba nzima ikalia kama harusi.

"Fundi," akasema yule mama polepole, akiokota kizibo na kusoma jina la bia, "umeme wangu unautengeneza kwa chapati au kwa hivi?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshakumbuka kilichomo kwenye begi la pili: kisu cha kumenyea waya, koleo mbili, nyundo, bisibisi saba. Darasa la awali. Sijui pikipiki niliiwashaje.

Mwalimu alinipokea mlangoni bila haraka. Vyuma vyote alishavifungia kabatini ofisini. Lakini ilipofika saa ya kuhesabu, wenzake walipotoa vizibo, Mama alitoa mfuko wangu wa fisha, zile plastiki za kushikia skrubu ukutani, akagawia na jirani zake wasio na kitu. Nikachungulia. Watoto watatu wanahesabu mtaji wangu, mmoja ameutia puani.

"Na kuna jambo jingine," mwalimu akasema. "Amemwambia mwalimu mkuu kwamba soketi ya ofisini imeungua, ila asijali, baba yake ni fundi, atakuja leo."

Basi nikawa nimekuja.

Ofisi imepakana ukuta na darasa lao. Ile soketi ilikuwa kazi ya dakika kumi, waya mmoja umelegea na kuunguza kichwa chake. Nilianza, nikasikia ng'ambo: moja, mbili, tatu. Sauti yake naijua hata ikiwa katikati ya sauti arobaini, anairuka sita kila mara. Nikaifungua soketi upya. Nikasafisha nyaya ambazo hazikuwa chafu. Akairuka sita tena. Nikakaza skrubu, nikailegeza, nikaikaza. Simu ya Kinyerezi inaita mfukoni, samaki wanayeyuka, na mimi nimechuchumaa ukutani kama mwizi anayesikilizia kama wenye nyumba wamelala.

Mara ya nne hakuiruka.

Kengele ikalia, wakamiminika nje. Akanikuta mlangoni na begi lake, lenye chapati.

"Baba, bado hujaenda kazini?"

Uso ule ule wa marehemu. Nikamwambia ndiyo naondoka. Akachukua begi, akahakikisha chapati ipo, akaniinamisha kwa kidole, akaninong'oneza ili rafiki zake wapya wasisikie:

"Kesho uishie pale kwa mama wa mihogo."

Tangu hapo naishia kwa mama wa mihogo. Nanunua ya mia tano kila asubuhi ili nipate sababu ya kusimama. Mihogo yenyewe siipendi.