Kuosha maski za chipu: asidi kali au maji ya ozoni?

Maski ndo picha mama ya chipu, kile kibao cha kwatzi cha inchi 6 chenye michoro ya kromu, na doa likikaa pabaya pale basi kila chipu inayochapwa nayo inatoka na kasoro ileile. Kwa hiyo ubishi wa namna ya kuiosha sio mdogo.

Zamani jibu lilikuwa moja: asidi ya salfuriki ya moto imechanganywa na haidrojeni peroksaidi, halafu mchanganyiko wa amonia wa kutoa chembe za uchafu. Wanaoitetea wana haki yao, mabaki ya rezisti (ile dawa inayohisi mwanga, ya kuchorea michoro) yanang'oka kweli. Balaa likaja na mwanga wa kuchapia wa nanomita 193, maana ile salfa kidogo iliyogoma kutoka hata baada ya kusuuza inakutana na amonia, mwanga unazichochea, fuwele zinaanza kuota taratibu. Maski iliingia mashineni safi kabisa, imechapa kaki (visahani vya silikoni vinavyokatwa kuwa chipu) weee, mara ina ukungu! Tena unaota mpaka chini ya pelikoli, ule utando wa kukinga vumbi, na huwezi kuosha vizuri bila kuubandua.

Ndo wengi wakahamia maji ya ozoni na miale ya nanomita 172, salfa hakuna. Ila ozoni nayo inakula kromu kidogokidogo, na amonia bado ipo kwenye hatua ya chembe, inalamba zile maski za kugeuza fezi (zinazopindua wimbi la mwanga ili michoro itoke kali) mpaka zinatoka kwenye digrii 180 zake (hili watu wa ozoni huwa wanalipitia harakaharaka).

Mimi bado niko upande wa ozoni. Kromu ikilika unapima kila baada ya kuosha, unajua maski imebakiza maisha kiasi gani, ukungu hauna adabu hiyo, unaweza kuustukia kaki zishaharibika. Asidi ibaki mwanzoni kutoa rezisti tu, na isuuzwe kwa maji ya moto sana.

Kwenye EUV lakini, ule uchapaji wa mwanga wa mawimbi mafupi zaidi ambao maski yake inaakisi mwanga kama kioo, siwezi kusema hivyohivyo. Pale kuna jozi 40 hivi za tabaka za molibdeni na silikoni, juu yake kifuniko cha rutheni cha nanomita chache tu, na ozoni ikikigusa inakioksidisha na kukichubua. Huko bora hela iende kwenye kuzuia chembe zisitue kabisa, kuliko kubishana uoshe na nini.