Kuisoma Mirihi bila kuikanyaga

Wanajiolojia wengi wa Nairobi hawauamini mwamba ambao hawajaugonga nyundo. Wamelelewa hivyo: unapelekwa Olorgesailie juani, unasimamishwa mbele ya tabaka za mashapo, unaambiwa kwangua, pima, chora. Kwa hiyo mwanafunzi akitaja kwamba utafiti wake utahusu mabonde ya sayari ya Mirihi, na kwamba atayasoma kwa picha zilizopigwa kutoka angani, huambiwa hiyo si jiolojia, ni kutazama picha. Kuna na lile swali jingine, la Mkenya na Mirihi wapi na wapi, lakini hilo nalipita. Anayeuliza hivyo hajawahi kumuuliza Mkenya anayesomea historia ya Roma.

Hoja ya nyundo ina uzito, tena kuliko watetezi wa picha wanavyopenda kukiri. Kasoko ya Gusev huko Mirihi, yaani shimo lililochimbwa na kimondo, ni mfano unaouma. Kutoka juu, bonde refu la Ma'adim linaonekana likimwaga ndani ya kasoko hiyo, na kila aliyetazama picha aliona ziwa la kale. Spirit, rova yaani gari-roboti la utafiti, ikatua humo Januari 2004 na kukuta uwanda wa basalti, mwamba wa lava iliyoganda. Kama mashapo ya ziwa yapo, yamefukiwa chini ya lava; ilibidi rova ijikokote hadi vilima vya Columbia ndipo ikapata miamba iliyobadilishwa na maji. Jambo la pili halisemwi sana. Tunapokadiria umri wa ardhi ya Mirihi kwa kuhesabu kasoko zake (zikiwa nyingi, ardhi ni kongwe), hesabu hiyo imeegemea mawe ambayo wanaanga wa Apollo waliyaleta kutoka Mwezini, yakapimwa umri maabara. Chini ya picha, basi, kuna nyundo.

Hata hivyo, wanaosema picha hudanganya huwa hawasemi zilidanganya lini na kwa nini. Julai 1965 chombo cha Marekani, Mariner 4, kilipita karibu na Mirihi kikapiga picha 21 na kipande cha ya 22. Zilionyesha takriban asilimia moja ya sayari, na karibu chote kilichoonekana humo ni kasoko tupu. Wengi wakahitimisha kwamba Mirihi imekufa kama Mwezi. Novemba 1971 Mariner 9 ikaingia kwenye mzingo wa kuizunguka Mirihi, ikakuta dhoruba ya vumbi imeifunika sayari nzima, ikangoja. Vumbi lilipotulia zikajitokeza volkeno, Olympus Mons ikiwa miongoni mwake, kimo chake kilomita 22 hivi, pamoja na Valles Marineris, korongo la kilomita 4,000, na mikondo mikavu inayofanana na mito. Kosa la 1965 halikuwa la kamera. Lilitokana na kuhukumu sayari kwa kipande kidogo mno.

Na kipande kidogo ndicho hasa rova inachokupa. Opportunity, iliyodumu kuliko rova yoyote ya wakati wake, ilifanya kazi kuanzia 2004 hadi 2018 na kutembea kilomita 45. Marathoni iliimaliza kwa miaka 11 na miezi kadhaa. Kelvin Kiptum aliimaliza Chicago kwa saa mbili na sekunde 35. Simcheki mtambo, maana kila mita ya njia hiyo ilikuwa ya thamani. Lakini kilomita 45 ni kama kutoka katikati ya jiji letu hadi Thika. Eneo la Mirihi ni kilomita za mraba milioni 144 hivi, karibu sawa na nchi kavu yote ya Dunia. Mtu aliyetembea Barabara ya Thika pekee, akapima kila jiwe la kandokando kwa vifaa bora kabisa, atakueleza nini kuhusu Sahara, Himalaya au bonde la Kongo? Hata Opportunity yenyewe ilipelekwa uwanda wa Meridiani kwa sababu Mars Global Surveyor, chombo kilichokuwa kikiizunguka Mirihi, kiliona kutoka juu, kwa kipima miale, dalili za hematiti, madini ya chuma ambayo mara nyingi huundwa penye maji. Ilipotua, hematiti ilikuwepo.

Kisa ninachokiona kizito zaidi ni cha michirizi myeusi. Mwaka 2011 watafiti wa HiRISE, kamera iliyo kwenye chombo kinachoizunguka Mirihi, ambayo kila nukta ya picha yake hubeba sentimita 25 hadi 30 za ardhi, waliripoti michirizi inayorefuka kwenye miteremko wakati wa joto na kufifia baridi inapoingia. Mwaka 2015 NASA ikatangaza ushahidi wa chumvi zenye maji, na magazeti yakaandika kwamba maji yanatiririka. Miaka miwili baadaye mtafiti Colin Dundas na wenzake walitumia jozi za picha za kamera hiyohiyo, mahali pamoja pakipigwa kutoka pembe mbili, wakapata kimo cha ardhi na kupima mwinuko. Michirizi ilikuwa karibu yote kwenye miteremko inayozidi nyuzi 27, na ilikomea pale ambapo mchanga mkavu nao hukomea. Maji yangeendelea kushuka hata mteremko ukipungua. Mjadala haujafungwa, lakini tafsiri ya maji yanayotiririka ilitikiswa kwa picha, bila rova kugusa hata punje moja ya mchirizi huo.

Kwa hiyo simkubalii anayesema kusoma picha ni kubahatisha. Ni kupima: urefu wa kivuli, pembe ya jua, tofauti kati ya picha ya mwaka huu na ya miaka kumi iliyopita. Ujuzi huo si mgeni hapa. Kituo cha kikanda cha upimaji ramani kule Kasarani, RCMRD, kipo tangu 1975, na kinasoma mashamba na misitu kwa picha za setilaiti. Hakuna anayekiambia kinabahatisha kwa kuwa hakikukanyaga kila shamba. Kweli, huku mtu anaweza kuchukua gari akahakikishe, na Mirihi hawezi. Hiyo ndiyo tofauti pekee ninayoikubali.

Picha zenyewe ni za bure kwa yeyote. Kizuizi kilichobaki kwa mwanafunzi wa Nairobi ni cha kawaida mno: picha moja kamili ya HiRISE inaweza kufika mamia ya megabaiti, jozi ni mara mbili yake, na kuzigeuza ziwe ramani ya vimo kunahitaji kompyuta yenye nguvu. Msimamizi anayetaka kumsaidia aanzie kwenye bando na kompyuta, nyundo aiweke kando kwanza.