Ushauri nasaha wa muda mfupi kwa familia unafaa wapi?

Steve de Shazer na mkewe Insoo Kim Berg, washauri walioanzisha na wenzao kituo cha ushauri wa namna hii mjini Milwaukee, Marekani, mwaka 1978, waliacha kufukua chanzo cha ugomvi wa familia, wakauliza kuhusu siku ambazo ugomvi haukuwapo na kilichofanyika siku hizo. Vikao huwa vichache, aghalabu chini ya kumi.

Nguvu ya njia hii imo katika maswali yake. Mama akiambiwa aupime uhusiano wake na mwanawe kuanzia 0 hadi 10, akajibu 3, mshauri haulizi kwa nini si 10, bali kwa nini si 0. Naye, baada ya kusita, hukumbuka kwamba Jumapili kijana aliwahi kurudi, wakala bila kufokeana. Kijana aliyezoea kusomewa mashtaka husikia, pengine kwa mara ya kwanza, jema lake likitajwa.

Ushahidi nao si haba. Mapitio ya watafiti Gingerich na Peterson ya mwaka 2013 yalikusanya tafiti 43 zenye makundi ya kulinganishia, na 32 kati yake zilionyesha nafuu ya wazi. Ila ushahidi mzito zaidi ulihusu sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) ya watu wazima, kwa hiyo anayeyatumia mapitio hayo kuinadi njia hii kwa wanandoa anayabebesha yasiyoyasema. Huko Helsinki, Ufini, utafiti wa watu 326 wenye sonona au wasiwasi ulionyesha kwamba tiba fupi, hii ikiwamo, zilileta nafuu mapema, lakini kufikia mwaka wa tatu waliopewa tiba ndefu walikuwa wamewapita wenzao. Hao pia hawakutibiwa kama familia.

Hata hivyo, shaka yangu kubwa si uchache wa vikao. Mke anayepigwa, akiulizwa mbele ya mumewe, atajibu 7, kwa sababu anajua watarudi nyumbani pamoja. Kipimo hicho hudai kila mmoja awe huru kusema, na nyumba zenye hofu hazina uhuru huo. Kwa ugomvi wa matumizi, kazi za nyumbani au saa ya kurudi, ningeanza na njia fupi bila kusita, maana kuiburuta familia miezi mingi kwa mambo hayo ni kuipotezea fedha na siku za kazi. Lakini kabla ya kikao cha kwanza cha pamoja, kila mmoja ahojiwe peke yake, na hofu ikijitokeza, kikao hicho kisifanyike kwanza.