Safari ndefu za ugenini zinawaletea vyuo vya Marekani wachezaji, au fedha tu?

Jioni ya Ijumaa, 27 Septemba 2024, timu ya Chuo Kikuu cha Washington ilishuka dimbani New Jersey kuvaana na Rutgers, chuo kikuu cha huko. Ilikuwa imetoka Seattle, umbali wa angani unaokaribia ule wa Nairobi hadi Cape Town, kwa ajili ya mechi ya kawaida ya ligi. Ikafungwa 21–18. Msimu huohuo ilifunga safari nyingine za mashariki, kwenda Iowa, Indiana na Pennsylvania, na kote huko ikarudi mikono mitupu.

Mchezo wenyewe ni futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wa umbo la yai. Kule vyuo vikuu vinaucheza mbele ya umati ambao klabu nyingi za kulipwa duniani zinauona ndotoni tu. Uwanja wa Michigan pekee unaingiza watu zaidi ya 100,000. Kwa miongo mingi vyuo vilijigawa katika ligi za kikanda. Watu wa Pasifiki walicheza na wa Pasifiki, wa kusini na wa kusini, na mashabiki waliifuata timu yao ugenini kwa gari. Agosti 2024 utaratibu huo ulivunjika kwa kishindo. Washington, Oregon, na USC na UCLA, vyuo viwili vya Los Angeles, waliingia Big Ten, ligi iliyoanzishwa mwaka 1896 katika majimbo ya kati kaskazini, ambayo sasa ina vyuo 18 kuanzia Los Angeles hadi New Jersey. Stanford na California ya Berkeley, majirani wa Bahari ya Pasifiki, wakajiunga na ligi inayoitwa Atlantic Coast. Anayetafuta mantiki ya jiografia hapo asijisumbue.

Chanzo ni televisheni. Mkataba wa Big Ten na Fox, CBS na NBC, uliotangazwa Agosti 2022, ni wa miaka 7 na thamani yake inapita dola bilioni 7. Lakini fedha ni hoja ngumu kuitetea mbele ya wazazi wa wanafunzi, kwa hiyo viongozi wa michezo vyuoni hupenda kuisindikiza na nyingine: kwamba mechi za mbali zinafungua maeneo mapya ya usajili. Kijana wa Georgia au New Jersey, wanasema, atatuona kwenye runinga yake saa anayokuwa macho, atatuona tukija kucheza karibu na kwao, na mama yake hatahisi anampeleka mtoto mwisho wa dunia.

Hoja hii haifai kupuuzwa, kwa sababu usajili wa vyuo si ule wa klabu kukaa mezani na klabu. Anayeshawishiwa ni kijana wa sekondari wa miaka 17 au 18, na mara nyingi anayeamua ni mama au bibi. Kocha hufika nyumbani, akala alichopikiwa, akasifia picha za ukutani. Kisha chuo humlipia kijana nauli, hoteli na chakula aje akitembelee. Anafika Ijumaa, anavalishwa jezi na kupigwa picha chini ya taa kali kama bwana harusi, anakabidhiwa kwa wachezaji wakubwa wamtembeze mjini, huku mzazi akikalishwa na mshauri wa masomo. Jumamosi wote wanakaa jukwaani kutazama mechi. Hadi mwaka 2023 kijana aliruhusiwa ziara 5 tu za kulipiwa namna hiyo. Sasa kikomo hicho kimeondolewa. Katika biashara kama hii, kuzoeleka ni mtaji, na timu inayoonekana mara kwa mara katika mkoa fulani inaanza mazungumzo ikiwa si mgeni kabisa.

Historia nayo ina ushahidi mzito upande huu. Tarehe 12 Septemba 1970 USC ilisafiri kutoka Los Angeles hadi Birmingham, Alabama. Mji huo, miaka 7 tu kabla, ulikuwa umetazamwa na dunia nzima ukiwaachilia mbwa wa polisi na mabomba ya maji watoto weusi waliokuwa wakiandamana. Kikosi cha kwanza cha Alabama kilikuwa cha weupe watupu. USC ilikuja na wachezaji weusi katika nafasi zote za kubeba na kurusha mpira. Sam Cunningham, kijana mkubwa mweusi wa mwaka wa pili, alikimbia na mpira yadi 135, akafunga mara mbili, na USC ikashinda 42–21. Mwenzake Clarence Davis alikuwa amezaliwa hapohapo Birmingham. Chuo cha jimbo lake hakikuwa na nafasi ya mtu kama yeye, akajitokeza siku ile na jezi ya California.

Simulizi maarufu husema mechi ile ndiyo iliyofungua mlango wa Alabama kwa weusi. Ukichunguza, haikai sawasawa. Wilbur Jackson, mweusi wa kwanza kupewa ufadhili wa masomo na timu hiyo, alikuwa ameshasajiliwa kabla ya mechi. Alikuwa jukwaani akitazama, kwa sababu kanuni za wakati huo hazikuwaruhusu wa mwaka wa kwanza kucheza kikosi kikubwa. Kocha Paul “Bear” Bryant alikuwa ameshaanza, kimyakimya na kwa kuchelewa. Mechi iliwasukuma mashabiki wa majukwaani. Shabiki aliyekuwa tayari kupiga kelele kuhusu Jackson aliondoka pale akijua bila vijana wa aina ile timu yake itaendelea kuchapwa. Mwaka uliofuata Alabama ilikwenda Los Angeles na kulipa kisasi, 17–10, safari hii ikiwa na Jackson na John Mitchell, kijana wa Mobile ambaye USC yenyewe ilikuwa ikimwinda. Bryant alipata habari zake kwa rafiki yake John McKay, kocha wa USC, aliyeropoka mazungumzoni kwamba ana mchezaji mzuri anakuja kutoka Alabama. Kwa hiyo safari ya ugenini iliweza kufanya ambacho tangazo lisingeweza, lakini ilimpa faida zaidi mwenyeji aliyefungwa kuliko mgeni aliyeshinda. Watetezi wa leo huisimulia hadithi hii na kukiruka kipengele hicho.

Sasa tuje kwenye ratiba ya siku hizi. Big Ten iliahidi kwamba kati ya 2024 na 2028 kila chuo kitakutana na kila mwenzake angalau mara mbili, nyumbani mara moja na ugenini mara moja. Maana yake kijana wa New Jersey anayesaini Washington na kukaa miaka minne anaweza kutarajia takriban Jumamosi moja mbele ya jamaa zake, nayo si ya uhakika. Ukimwongezea Maryland na Penn State (chuo cha Pennsylvania), ambako familia inaweza kufika kwa gari kwa saa chache, zinakuwa kama tatu. Hizo ndizo Jumamosi anazouziwa kwa maneno matamu. Halafu kuna kanuni ambayo mashabiki wengi hawaijui: tiketi za bure anazopewa kijana anayesakwa ni za mechi za nyumbani tu. Timu mgeni haiwezi kumkaribisha kwenye uwanja wa wenyeji na kumkalisha nyuma ya benchi lake. Anayeweza kumkaribisha siku hiyo ni Rutgers. Kilichobaki kwa mgeni ni wasaidizi wa kocha kuchomoka hotelini Ijumaa usiku na kwenda kutazama mechi ya sekondari jirani. Faida hiyo ni ya kweli, ila kocha huyo angeweza kupanda ndege ya abiria akaja peke yake, bila kuburuta timu nzima na lori la vifaa lililotangulia barabarani siku kadhaa kabla.

Usajili wa mbali ulikuwepo hata ligi zilipokuwa za kikanda, tena ulishamiri. Bryce Young alisoma sekondari ya Mater Dei, Santa Ana, mwendo mfupi wa gari kutoka USC. Alikuwa ameiahidi USC, kisha mwaka 2019 akageuka na kuchagua Alabama, iliyo zaidi ya kilomita 2,500 kutoka kwao na ambayo haikuwa na desturi ya kucheza California. Mwaka 2021 akatwaa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo. Kabla yake Tua Tagovailoa alitoka Hawaii kwenda chuo hichohicho. Kilichowavuta ni kocha Nick Saban, makombe, na orodha ndefu ya waliopita pale wakaingia NFL, ligi ya kulipwa. Siku hizi kuna na noti za wazi: tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na kwa suluhu ya kesi ya House, iliyohusu malipo ya wanamichezo wa vyuo, iliyoidhinishwa Juni 2025, chuo chenyewe kinaweza kugawia wanamichezo wake hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa masomo 2025–26. Kijana anayelinganisha ofa za aina hiyo anauliza mengine kabla ya kufika kwenye suala la ratiba. Na akikosa furaha, dirisha la uhamisho lipo. Hesabu yangu ya miaka minne huenda hata isimhusu.

Wapinzani wa safari nao wana hoja yao pendwa, uchovu, na hapa ndipo ninapotofautiana nao kidogo. Mechi ikianza saa sita mchana mashariki, Seattle ni saa tatu asubuhi. Mchezaji aliyeamshwa saa moja kwa ajili ya chai na kikao, mwili wake unamwambia ni saa kumi alfajiri. Hilo linasumbua, hakuna ubishi. USC mwaka 2024 ilifungwa Michigan 27–24, Minnesota 24–17 na Maryland 29–28, mechi zote tatu zikiamuliwa dakika za mwisho, na ni rahisi kuona miguu iliyoishiwa nguvu. Tatizo ni kwamba nyumbani pia, dhidi ya Penn State, iliongoza 20–6 hadi mapumziko kisha ikapoteza 33–30 katika muda wa nyongeza. Aliyekuwa amevuka bara siku ile alikuwa Penn State.

Washington vilevile. Vipigo vya Rutgers na Penn State vilitokea usiku, saa ambazo mwili wa mtu wa magharibi ungepaswa kuwa macho kabisa. Timu ile ilikuwa imecheza fainali ya taifa Januari ya mwaka huohuo na kufungwa na Michigan 34–13, ikaondokewa na kocha Kalen DeBoer aliyekwenda Alabama, na nyota wake wakatimkia NFL. Oregon, iliyopanda ndege za masafa yaleyale, ilishinda Purdue 35–0, Michigan 38–17 na Wisconsin 16–13, kisha ikatwaa ubingwa wa Big Ten katika msimu wake wa kwanza. Safari inamwadhibu zaidi aliyekuwa dhaifu tayari.

Upande wa mashabiki nitapita haraka. Kilichopotea ni uhasama wa majirani: Oklahoma na Oklahoma State walicheza mechi yao ya mwisho ya ligi Novemba 2023, Oklahoma ikahamia SEC, ligi ya vyuo vya kusini mashariki, na ratiba haikuwabakizia nafasi. Kilichopatikana ni kidogo lakini si bure. Mwenye nauli ya kufika Iowa City ataona mwisho wa robo ya kwanza uwanja mzima, pamoja na wachezaji wa pande zote mbili, ukigeuka na kuwapungia mikono watoto wagonjwa walio kwenye madirisha ya hospitali inayotazama uwanja. Desturi hiyo ilianza 2017, na mgeni haelekezwi na mtu la kufanya.

Mzigo wenyewe uko kwingine. Futiboli inachezwa mara moja kwa wiki, mechi 12 kabla ya fainali, nusu yake nyumbani au zaidi, kwa ndege ya kukodi na hoteli nzuri. Voliboli, softboli na soka la wanawake zina mechi nyingi zaidi, nyingine katikati ya wiki, na timu zao zimo katika ligi hizohizo kwa sababu futiboli iliwabeba. Bodi inayosimamia Chuo Kikuu cha California ilipoidhinisha UCLA kuondoka, Desemba 2022, iliweka masharti ya kuongeza matumizi ya lishe, msaada wa masomo, huduma za afya ya akili na ndege za kukodi kwa wanamichezo. Sijui masharti kama hayo yangeandikwa ya nini ikiwa safari hizi ni fursa tu kama zinavyouzwa. Wala hakuna anayesema mchezaji wa softboli anapelekwa Maryland ili asajili wenzake.

Kwa hiyo ningeiacha futiboli ivuke bara inavyotaka. Imelipwa kwa hilo na wachezaji wake sasa wanalipwa pia. Michezo mingine ningeirudisha kwenye ligi za jirani. Fursa ipo, kwani Oregon State na Washington State, walioachwa peke yao 2024, walipanga kuifufua Pac-12, ligi ya zamani ya vyuo vya Pasifiki, kuanzia Julai 2026 pamoja na vyuo kama Boise State na San Diego State. Kutoka Seattle hadi Pullman, kwao Washington State, timu ya voliboli inaweza kwenda kwa basi Ijumaa na Jumapili ikawa imesharudi bwenini. Kikwazo ni mikataba, kwa sababu televisheni inanunua ligi nzima kwa jina moja, na kuitenganisha futiboli na michezo mingine iliyofungwa nayo si kazi rahisi.